Kengele Shingoni mwa Wakili: Kumuaga Jasper Kadenge

Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, Wakili Jasper Kadenge anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuwatetea washtakiwa wa Tana River mbele ya mahakimu wa kila tabia. Siku hiyo atavua joho lake kwa mara ya mwisho. Tunalisema hili kwa tahadhari, kwa kuwa amewahi kulivua hadharani akiapa kwamba haki imekufa na yeye hana kazi tena, kisha akalivaa baada ya chakula cha mchana kwa sababu kesi ya saa nane ilikuwa yake.

Kamati ya sherehe, chini ya Bi Halima, karani na mkalimani wa mahakama yetu, ilimteua mwendesha mashtaka aandike wasifu huu. Mwandishi aliuliza kama hakukuwa na mtu mwingine. Bi Halima akamjibu kwamba hakuna aliyemsikiliza Wakili Jasper kwa muda mrefu kuliko yeye, tena bila ruhusa ya kutoka nje. Ni kweli. Mwandishi amekaa upande wa pili wa meza miaka minane, na katika miaka hiyo ameshindwa mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Nyumbani kwake hawamuulizi tena matokeo ya kesi. Wanayajua kwa namna anavyofunga mlango. Kwa hiyo wasomaji wasitarajie wasifu usio na kinyongo. Kinyongo kipo, ila kimechanganyika na mapenzi kiasi kwamba hata mwenyewe hawezi tena kuvitenganisha.

Wakili Jasper alizaliwa Golbanti, ukingoni mwa mto, kwa baba mkulima aliyependa kanisa na migomba yake kwa kiwango kimoja. Alisoma shule ya misheni. Aliingia kwaya, akatolewa kwa kuimba sauti zote nne katika wimbo mmoja, kisha akarudishwa kwa sababu bila yeye kwaya ilionekana imesinzia. Kazi yake ya kwanza ya mshahara ilikuwa kwenye kivuko cha Garsen, miaka ile kabla ya daraja, ambapo magari, watu na mifugo walivushwa kwa kuvuta kamba. Wenzake walivuta kwa mikono miwili. Yeye alivuta kwa mmoja, wa pili akautumia kuwahutubia abiria.

Hapo kivukoni alijifunza Kiorma, Kisomali na Kigiriama cha kutosha kuwachekesha watu wa kila ukingo. Hapo pia alijifunza jambo moja kuhusu ng'ombe ambalo mwandishi huyu hakulijua hadi mwaka huu, na kutolijua kulimgharimu. Tutalifikia.

Kutoka kivukoni alikwenda kuwa mwalimu. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wengine wana vipara, bado wanasimulia siku mbuzi wa jirani alipoingia ofisini akala ramani ya Afrika kuanzia Misri hadi karibu na Zambezi. Mwalimu mkuu alitaka mbuzi azuiliwe mpaka ramani ilipwe. Mwalimu Jasper akasema hakuna kiumbe anayeadhibiwa bila kusikilizwa, akageuza darasa la sita kuwa mahakama, akajiteua wakili wa mbuzi. Mshtakiwa aliachiliwa kwa kukosekana kwa kielelezo, kwani kielelezo chote kilikuwa tumboni mwake. Darasa lilipiga makofi hadi shule nzima ikatoka nje kuona kuna nini. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mlalamishi, hakupiga makofi, na muhula uliofuata mwalimu wetu alihamishwa.

Baada ya uhuru aliingia polisi. Tunajua wengi hawataamini, lakini picha ipo: amesimama wima, kofia imekaa sawa, mdomo umefungwa. Alipanda cheo hadi kuwa mwendesha mashtaka kule Kipini, yaani kazi hii hii anayoifanya mwandishi, na kwa kweli aliifanya vibaya sana. Kesi inayokumbukwa ni ya mvuvi aliyeshtakiwa kuiba nyavu za jirani yake. Inspekta Jasper alisimama kumbana mvuvi yule, akamuuliza swali, akaguswa na jibu, akauliza jingine kwa upole zaidi, na alipomaliza ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba nyavu ziliazimwa na kwamba jirani alikuwa amesahau. Hakimu alimuuliza yuko upande gani. Bibi mmoja wa Kipini aliyekaa nyuma akajibu kwa niaba yake, kwa sauti iliyofika mbele.

"Huyu si askari huyu. Huyu ni wakili mlomvika kofia ya askari."

Bibi alitolewa nje kwa kuvuruga mahakama, lakini maneno yake yalibaki ndani. Muda si mrefu Inspekta Jasper alirudisha kofia, akaenda Nairobi kusomea sheria pamoja na vijana waliomwita baba. Mkewe, Bi Rebecca, alibaki Garsen akishona nguo za watu ili ada ipatikane, na tunasema hapa wazi kwamba nusu ya makofi ya Ijumaa ni yake. Mwaka 1977 mumewe alirudi Garsen na cheti, akafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na steji ya mabasi ya Lamu, akachagua upande wake na hakuuhama tena.

Sasa tuzungumzie mavazi, maana tusipoyazungumzia yeye mwenyewe atasimama aulize kwa nini. Wakili Jasper huvaa suti nyeupe katika mji ambao hata mbuzi weupe ni wekundu kufikia Jumatano. Huvaa viatu vya rangi mbili, ambavyo wakati wa matope huvibeba mkononi na kuvivalia mlangoni pa mahakama, kesi yake ikiwa imeshaitwa na sisi sote tukimsubiri. Ana leso ya hariri nyekundu ambayo Bi Rebecca huipiga pasi ya makaa, na mwavuli wa manjano ambao huufungua jua na mvua. Mahakama ya hakimu haimdai wakili joho, lakini yeye hajawahi kusimama bila joho, hata katika kesi ya baiskeli isiyo na taa. Watu wa Garsen ambao hawakuwa na kesi wala ndugu mwenye kesi walikuja kukaa kwenye mabenchi kama waliokuja harusini. Wengine walikuja na karanga.

Lakini ukiondoa suti na mwavuli, bado kulikuwa na mtu wa kuogopwa. Mawakili wengine humuuliza shahidi maswali mpaka shahidi, hakimu na karani wote wanasahau kilichowaleta. Wakili Jasper aliuliza swali moja. Alizunguka ukumbi, alitoa leso, alipangusa paji la uso, alisifu hali ya hewa, alimpa shahidi pole kwa safari, na mwandishi alipokuwa ameanza kutulia, ndipo lilipokuja. Swali lenyewe daima lilikuwa rahisi, la aina ambayo mtoto angeuliza. Baada ya kulisikia mwandishi alikuwa akijiuliza kwa nini hakuliuliza yeye kule kituoni, kabla ya kuwasumbua watu wote hawa.

Hatuwezi kupita bila kutaja mafuriko. Mwaka jana mvua za El Nino zilipoufurisha mto, mahakama ilihamia darasa moja la shule iliyoko mwinukoni. Asubuhi ya kwanza tulimwona Wakili Jasper akija kwa mtumbwi, si kwa kukaa kama binadamu wengine, bali amesimama katikati, joho mwilini, mwavuli umefunguliwa, akijikumbusha hoja zake kwa sauti kubwa. Mpiga kafi alimwomba aketi. Hakuketi. Mtumbwi ulipogusa nchi kavu ulisimama, yeye hakusimama. Alizama akaibuka na kilemba cha tope kichwani, akamwinamia hakimu aliyekuwa dirishani, na akaomba kesi iahirishwe kwa muda wa kukamua joho. Mwandishi alipinga ombi hilo kwa kanuni. Hakimu alilikubali huku amegeukia ubaoni, mabega yakimtikisika. Mwavuli ulishika njia ya Kipini na haujaonekana hadi leo. Huu wa sasa ni wa pili.

Maji yale yale ndiyo yaliyotuletea kesi yake ya mwisho, na hapa mwandishi anaomba wasomaji waweke karanga pembeni.

Miaka yote Wakili Jasper alisema akistaafu atarudi Golbanti. Hakulisema kwa mbwembwe, na kwa hiyo tulijua analisema kwa moyo. Kuna kipande cha baba yake pale kando ya mto, na kwenye kipande hicho alikuwa ameanza kujenga nyumba. Jirani wa kipande hicho, na mtunzaji wake kwa miaka yote ya uwakili, ni Isaac, mtoto wa baba yake mdogo. Hawa wawili walikua wakilala mkeka mmoja. Isaac ndiye aliyelima pale, ndiye aliyesimamia mafundi, ndiye aliyekuwa akileta ndizi ofisini na kuzigawa hadi kwa upande wa mashtaka.

Isaac ni mkulima, lakini alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyemnunua msimu wa sikukuu na kumpa jina la Krismasi. Mafuriko yalipofika Golbanti, watu waliokoa watoto kwanza, na Krismasi akachukuliwa na maji. Isaac alimtafuta ukingo huu na ule kwa miezi. Maji yalipopungua na soko la mifugo la Garsen likafunguliwa tena, alikuwa sokoni akinunua kamba, akageuka, akamwona Krismasi katikati ya kundi la mfugaji mmoja Muorma aitwaye Bonaya. Shingoni mwa Krismasi kulikuwa na kengele ya mbao yenye alama ya ukoo wa Bonaya. Isaac alipiga kelele, askari wakaja, na Bonaya akapelekwa rumande kwa shtaka la wizi wa mifugo. Kila mtu wa huku anajua kifungo cha shtaka hilo. Mtu huingia na nywele nyeusi.

Mwandishi aliona ana kesi nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Ng'ombe alikuwa wa Isaac, na kijiji kizima kingeapa hivyo. Alipatikana sokoni, mahali pa kuuzia. Alikuwa amevishwa kengele ya mshtakiwa. Na askari alipomuuliza mshtakiwa kengele ile ni ya nani, alijibu bila kusita kwamba ni yake. Mwandishi aliichukua kengele kama kielelezo, akaiweka kabatini, na jioni ile alifunga mlango wa nyumbani taratibu sana. Bi Halima, ambaye kwao ni wafugaji, alipomwona akiifurahia kengele aliguna, akaendelea na kazi yake. Kazi yake ni kutafsiri yaliyosemwa, na mwandishi hakuwa amesema kitu cha kutafsiriwa.

Ikumbukwe pia kwamba mwandishi, kwa sababu ya jina lake la Kisomali, hudhaniwa na watu wote kuwa anajua mifugo. Ukweli ni kwamba alilelewa mjini, nyuma ya duka la baba yake, kati ya magunia ya sukari, na ng'ombe alimfahamu katika umbo la mchuzi.

Wakili Jasper alikwenda rumande kumsikiliza Bonaya kwa Kiorma chake cha kivukoni. Alitoka akiwa kimya, jambo ambalo askari wa zamu waliliripoti kwa mkubwa wao kama tukio lisilo la kawaida. Siku iliyofuata alitangaza kwamba anaishika kesi. Golbanti haikuamini. Walimtumia watu, kisha wakaja wenyewe. Jumapili, baada ya ibada, Isaac alimkabili mbele ya waumini wote, na maneno aliyoyasema yalifika Garsen kabla ya chakula cha mchana.

"Kaka, kama utamtetea aliyeniibia, usije kulima kando yangu. Hapa si kwenu tena."

Inasemekana Wakili Jasper hakutoa leso. Alisema tu kwamba amesikia, na kwamba mtu yule hakuiba. Wiki hiyo mafundi waliacha kazi, na nyumba ya Golbanti ikabaki kuta bila paa. Mwandishi anakiri kwamba alimwonea huruma, akamshauri kama rafiki aiache kesi kwa wakili wa Malindi. Alijibiwa kwamba wakili wa Malindi hajawahi kuvuta kamba ya kivuko.

Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani: Golbanti upande mmoja, jamaa za Bonaya upande wa pili. Hakimu aliketi, kesi ikaitwa, na wakili wa mshtakiwa hakuwepo. Kisha tukamsikia. Tulimsikia akitoka ofisini kwake karibu na steji, tukamsikia akipita kwenye maduka, tukamsikia akikata kona ya kituo cha mafuta. Ko, ko, ko. Watu walianza kucheka kabla hawajajua wanachocheka. Mlango ukafunguka, akaingia Wakili Jasper na suti yake nyeupe, joho lake, leso yake, na shingoni, juu ya tai, kengele ya ng'ombe. Alikuwa ameiazima kwa jamaa za Bonaya, pacha wa ile iliyokuwa kabatini mwa mwandishi. Aliinama kumpa hakimu heshima, kengele ikalia. Alikaa, ikalia. Alivuka mguu juu ya mguu, ikalia.

Mwandishi alisimama kupinga. Alisema huu ni ukumbi wa sheria, si zizi, na hakuweza kuendelea kwa sababu ya vicheko. Hakimu alimwamuru wakili aivue. Wakili akainuka, safari hii bila mbwembwe hata kidogo.

"Naivua, Mheshimiwa. Nilitaka tu mahakama isikie jinsi mwizi anavyotembea."

Vicheko vilikatika. Mwandishi alijiona kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Hata hivyo aliendelea, maana kazi ni kazi. Alimwita askari aliyemkamata Bonaya, naye akaeleza vizuri. Wakili Jasper alimuuliza swali lake moja: je, alipouliza kengele ni ya nani, aliuliza pia ng'ombe ni wa nani? Askari alifikiri, akasema hapana, hilo hakuliuliza. Kisha mwandishi akamwita Isaac, naye akaeleza kwa uchungu wa kweli, huku akimtazama kaka yake machoni. Wakili Jasper aliinuka. Hakuzunguka ukumbi. Alisimama karibu kabisa na kizimba cha mashahidi, sauti yake ikashuka.

"Ndugu yangu, siku ile sokoni ulikuwa umeinama unachagua kamba. Ni nini kilichokugeuza?"

Isaac ni mtu mkweli, na wote tuliona ukweli ukimfikia.

"Nilisikia kengele," alisema.

Yaliyobaki aliyaeleza Bonaya mwenyewe kwa Kiorma, na Bi Halima akayatafsiri kwa sauti ya mtu aliyeyangoja kwa muda mrefu. Kwao, mnyama wa watu akipotea na kuingia katika kundi lako, unamvisha kengele yako. Hawi wako kwa kuvishwa. Unamvisha ili mwenyewe, popote alipo, amsikie. Kisha unampeleka penye watu. Wakati wa mafuriko hapakuwa na watu wa kupelekewa. Soko lilipofunguliwa alimpeleka soko la kwanza. Mwenyewe akija, huivua kengele kwa mkono wake, anairudisha na sukari kidogo na tumbaku, na mambo yameisha. Bonaya alisema alipomwona Isaac akija mbio alifurahi, akadhani anakuja kuivua.

Haya ndiyo aliyoyajua Wakili Jasper tangu kivukoni. Mifugo ya kingo zote mbili za mto ilichanganyika pale ikingoja kuvuka, na wenyewe walisimama wametega masikio. Mwandishi alikuwa ameichukua alama ya uaminifu akaiandikia namba ya kielelezo cha wizi. Bonaya aliachiliwa huru, Krismasi akarudishwa Golbanti, na mlango wa nyumbani kwa mwandishi ulifungwa kwa kishindo kilichosikika jirani.

Lakini kilichotokea uani baada ya hukumu ndicho tunachotaka kikumbukwe. Isaac alipita mbele ya kaka yake akimwongoza ng'ombe wake, asigeuze kichwa. Aibu ilikuwa imemzidi, na aibu ikizidi hufanana sana na hasira. Watu wa Golbanti wakamfuata. Wakili Jasper alisimama peke yake na suti yake nyeupe, ameshinda, na hatujapata kumwona mshindi aliyeonekana mpweke vile. Bonaya alimjia. Wakili akaitoa ile kengele ya kuazima mfukoni amrudishie. Bonaya aliichukua, akaitazama, akaangalia njia waliyoondokea watu wa Golbanti, kisha akamvisha wakili shingoni na kusema maneno machache. Bi Halima aliyatafsiri bila kuombwa.

"Anasema usiivue wewe. Anasema aliyepotea haivui, mpaka wenyewe waje."

Hajaivua. Tangu siku ile Garsen nzima inajua Wakili Jasper alipo. Ameivaa akinunua sukari, ameivaa benki, ameivaa kwenye mazishi akiwa ameishika ulimi kwa kidole. Wageni wa mabasi ya Lamu wanadhani ni wazimu, watoto wanamfuata wakilia ko, ko, ko, naye anawapungia mwavuli. Tulicheka nao. Lakini miezi ilipita, na hakuna aliyekuja kutoka Golbanti. Kuta zilibaki bila paa. Bi Rebecca alifunga vitu masandukuni, akavifungua, akafunga tena. Katika mkutano wa kamati Bi Halima alimwagiza mwandishi amalizie wasifu kwa kusema kwamba mstaafu atapumzika nyumbani kwake Golbanti. Mwandishi aliiacha nafasi hiyo wazi. Amewahi kuandika mashtaka mengi yasiyo ya kweli bila kujua, lakini hili angekuwa anajua.

Jumatatu ya wiki hii, ukurasa huu ukiwa tayari kwenda kupigwa chapa, mwandishi alikuwa amesimama nje ya mahakama akizungumza na mwenye duka la kamba. Kengele ya Wakili Jasper ilikuwa ikilia upande wa steji, kama kila asubuhi, na hakuna aliyeitilia maanani. Mtu mmoja tu ndiye aliyegeuka. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, mkononi ana mfuko wa karatasi, na alisimama katikati ya njia kichwa kimeinama, anasikiliza. Alikuwa Isaac. Alianza kuifuata sauti ile duka kwa duka, nasi tukamfuata yeye, mpaka mlangoni pa ofisi ya chumba kimoja.

Wakili Jasper alikuwa akifungua kufuli. Isaac alimwambia kwamba Krismasi amezaa ndama jike, na kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kunywa maziwa yake. Kisha akasema alilokuja kulisema.

"Nimesikia kengele, kaka. Nimekuja kumchukua wetu."

Aliinua mikono yake ya mkulima akaifungua ile kamba shingoni mwa ndugu yake, taratibu, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Mtu aliyewahi kumtetea hadi mbuzi alitafuta leso yake nyekundu, akaikuta, akapangusa paji la uso badala ya macho. Bi Rebecca alitoka nyuma akauliza kama afunge masanduku au afungue, na Isaac akajibu kwamba mafundi walipanda juu ya kuta tangu Ijumaa iliyopita, na paa liko tayari.

Kwa hiyo ile nafasi iliyokuwa wazi sasa imejazwa: Wakili Jasper Kadenge na Bi Rebecca watapumzika nyumbani kwao Golbanti. Siku ya sherehe Isaac atamwita Bonaya mbele, atamkabidhi kengele yake, na yaliyomo katika ule mfuko wa karatasi, yaani sukari na tumbaku. Wageni wanaombwa wasipige makofi mpaka Bonaya aipokee.

Mzee wetu Jasper, kwa niaba ya mahakama, ya mawakili waliokuogopa, ya wote waliolala nyumbani kwao kwa sababu ulisimama, na ya upande wa mashtaka uliokupinga kwa kanuni na kukupenda kinyume cha kanuni, asante. Migomba yako istawi, mto ukuheshimu, na majirani wakikosana kule Golbanti uwahukumu kwa swali moja. Tunakuombea wewe na Bi Rebecca siku njema, nyingi na za kicheko. Jumatatu ijayo mahakama itaketi kama kawaida. Tutatega masikio upande wa steji, kwa mazoea, na hatutasikia chochote. Itatuuma. Lakini tutajua maana yake: wenyewe walikuja.

Imeandikwa na Inspekta Nuh Issack, mwendesha mashtaka, ambaye Ijumaa hii anakusudia kufunga mlango wake taratibu.